Dakika za Binti

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yake, na mdogo wangu, mpiga mluzi wenu, mwambie deni la barua analodaiwa na dada yake sasa limekuwa refu kuliko yeye mwenyewe.

Mimi ni mzima. Chumba chetu tunakaa wanne, dirisha moja, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu lile dirisha. Mchana kutwa niko maabara. Nasugua vipande vya chuma kwa msasa, kisha kwa kitambaa, hadi naona meno yangu ndani yake. Halafu navipaka tindikali kidogo na kuviweka chini ya hadubini. Baba, laiti ungeona. Hiki chuma laini unachomimina kila siku, chenye kaboni kidogo, ndani yake ni chembe tupu zilizobanana kama vigae vya sakafu. Miaka yote nimekula kwa jasho la kazi hiyo, na sikuwahi kujua.

Sasa nisikilize, mwenye tanuri. Tumefundishwa kwamba adui wa chuma ni uchafu. Vumbi dogodogo likibaki ndani, ufa huanzia hapo. Nikakumbuka jinsi mnavyotupia unga wa titani na alumini dakika ya mwisho, kisha mnamimina mbio kama mnaokimbizwa. Vumbi la unga huo halipati hata nafasi ya kupanda juu. Ingekuwa mimi, ningepunguza unga nusu, na ndoo ya kumiminia ningeiacha itulie robo saa. Uchafu ungepanda wenyewe na mavi ya chuma yanayoelea juu, ukaondolewa. Chuma kingetoka safi.

Usinicheke. Najua nina miezi sita tu hapa.

Mwanao,
Binti wa Maabara

*

21 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili nyumbani, na mara ya tatu nikaisoma kwa sauti mbele ya zamu nzima. Mpakia makaa akauliza kama huyo ni yule aliyekuwa akija na kikapu cha chakula cha baba yake huku kamasi zinamtoka. Nikamjibu ndiye.

Hilo la kupumzisha ndoo sijui. Fundi aliyenifundisha alisema: unga mwishoni, halafu mimina upesi. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwa sababu yeye ndiye fundi. Nami nimefanya hivyo miaka thelathini na moja, na wanaoniuliza nawajibu hivyohivyo. Siku zote jibu hilo limenikera kidogo. Nitalifikiria la kwako.

Mama yako ameshona maovaroli kumi na mbili ya kiwanda wiki hii na anasema mgongo si wake tena. Mdogo wako huyu hapa anataka kalamu.

*Dada, mimi ni mzima. Bado nafunga mizigo chini ya kreni na kumpigia mluzi dereva apandishe au ashushe. Baba anatembea na barua yako mfukoni kama kitambulisho. Nina mtu nataka umwone ukirudi, usimwambie mama. Mluzi.*

Amenyang'anywa kalamu.

Baba yako

*

2 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima na masomo yanaendelea. Sisi tupo.

Nimekutumia kifurushi. Ndani yake kuna kipande cha chuma kilichovunjika. Ni cha kulabu ya kreni. Ilifuliwa hapahapa kiwandani mwezi wa Mei, kwa nondo zetu wenyewe. Ilivunjika asubuhi, mzigo ukiwa haujafika hata nusu ya uwezo wake. Nataka unitazamie ndani uniambie kilichokosekana. Usimwonyeshe mwalimu wako kwanza. Niambie mimi.

Mluzi hayupo, ametumwa mbali kikazi, ndiyo maana hajaandika. Mama yako amelala.

Usiache kula vizuri. Mtihani wako ndio kitu cha maana sasa.

Baba yako

*

19 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako fupi kama risiti. Mmegombana na mama? Kila barua huwa anatia salamu hata ya mstari mmoja, safari hii unaniambia amelala tu.

Kipande chako nimekitazama siku nne. Uliniambia nisimwonyeshe mwalimu, sikumwonyesha, ila nilimwomba ruhusa ya kutumia hadubini kubwa ya elektroni bila kusema ni cha nini. Baba, ni kipande cha kuwekwa kwenye kitabu. Chembe zake ni kubwa mno, mara sita ya zile ninazoziona kwenye chuma cha kawaida. Na kosa lake si uchafu. Kosa lake ni kuwa kisafi kupita kiasi.

Nikueleze, maana hata mimi nimelijua muhula huu tu. Vumbi ni la aina mbili. Lile kubwa ndilo adui, hapo sikukosea. Lakini lipo jingine laini sana, ambalo hadubini ya kawaida haioni, na hilo ndilo linalokiokoa chuma. Kikiwa moto, chembe hukua, kubwa ikimeza ndogo. Vumbi laini la titani na alumini hukaa mipakani mwa chembe likazishika zisivuke. Kikipoa, chembe mpya huanzia palepale penye vumbi, nyingi kwa mara moja, ndogondogo, zimefumana kama vidole vya mikono miwili. Ufa ukiingia humo hugeuzwa huku na huku hadi unachoka. Kwenye chembe kubwa ufa hunyoosha njia, hasa chuma kikiwa baridi. Hiyo asubuhi ilikuwa ya baridi, sivyo?

Kwenye kipande chako vumbi hilo karibu halipo. Aliyekimimina alitia unga kidogo, kisha akaiacha ndoo isimame. Vumbi laini likagandana, likawa kubwa, likapanda juu na mavi ya chuma. Yule fundi wako wa zamani alikuwa sahihi na hakujua kwa nini. Nami nilikuandikia upuuzi mwezi wa Machi kwa kujiamini kote. Nashukuru Mungu wewe ni mkaidi na huwa husikii la mtu.

Ni zamu ya nani iliyomimina hicho? Mtu huyo hajui kazi. Asiachwe karibu na tanuri.

Mluzi akirudi mwambie siku yake ya kuzaliwa imekaribia, barua yake inakuja peke yake, wewe usiifungue.

Mwanao

*

30 Julai

Mwanangu,

Asante. Nimekuelewa neno kwa neno, umeeleza vizuri.

Ndiyo, palikuwa na baridi.

Kulabu zote kumi na moja zilizobaki nimeziteremsha. Tumerudia kumimina upesi. Aliyefanya kosa ameshajulikana na hayuko tena kwenye tanuri.

Soma. Usijiulize mengine mpaka umalize mtihani. Mama anakusalimu.

Baba yako

*

14 Agosti

Mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu mimi mama yako, usishtuke. Kaa kwanza. Kama uko na wenzako chumbani, mwambie mmoja asiondoke.

Ndugu yako amefariki. Ni tarehe kumi na moja Juni, asubuhi, kazini. Kulabu ilikatika, mzigo ukamwangukia. Alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote. Hakuteseka. Nimewauliza watatu kila mmoja peke yake, na wote wamesema hakuteseka, kwa hiyo nimeamua kuamini. Tulimzika siku ya pili.

Baba yako alisema tusikuambie mpaka mtihani uishe, mwisho wa mwezi huu. Nilikubali. Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubisha, na kwa sababu nilijua ungeacha kila kitu. Nimenyamaza miezi miwili. Kisha jana ikaja barua yako ya siku yake ya kuzaliwa. Nimeifungua mimi. Umemwuliza huyo msichana ana urefu gani, kwa sababu wewe hutaki wifi wa kukutazama kwa juu. Niliposoma hapo nikasema basi, huyu mtoto hawezi kuendelea kuongea na marehemu na mimi mama yake nimekaa kimya.

Msichana mwenyewe amekuja mara mbili. Ni mfupi.

Ovaroli alilolivaa siku hiyo nililishona mimi. Walinirudishia likiwa limekunjwa. Sijalifua.

Nikuambie na jambo la kukufariji kidogo, maana hata mimi limenifariji. Ndugu yako alikuwa akijivuna kwa ajili yako. Ile barua yako ya mwezi wa tatu, baba yako aliyoisoma kazini, waliifuata. Kuanzia Aprili walikuwa wakiiacha ndoo itulie robo saa kama ulivyosema, na zamu nzima wakaziita dakika hizo "dakika za binti." Ndugu yako alikuwa akitazama saa, na robo ikitimia anapiga mluzi mmoja mrefu ili wamimine. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, mama, leo dakika za dada zimekwenda vizuri. Zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo ujue ulikuwa naye hapa, hata ukiwa mbali.

Baba yako halali wala haongei. Ukimwandikia usimkaripie kwa kukuficha.

Mama yako

*

25 Agosti

Baba,

Mtihani sikuufanya. Usiniulize habari zake.

Niliipokea barua ya mama nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni. Sikukaa kama alivyoniambia. Nilisoma hadi mwisho kwanza nikimlilia mdogo wangu, nikasoma mara ya pili, nikafika pale kwenye dakika. Sikulia tena. Nilikwenda maabara nikakitoa kipande. Ubavuni kimegongwa namba ya mmiminiko, nami sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nashughulika na uzuri wa picha zangu. Ni cha tarehe tisa Mei.

Wewe ulijua. Uliponiletea kipande ulikuwa unashuku, na nilipokujibu ukajua. Nilikuandikia kwamba mtu huyo asiachwe karibu na tanuri. Nilikuandikia nashukuru wewe husikii la mtu. Ulisoma maneno hayo, ukanijibu asante.

Kwa nini ulinisikiliza, baba? Nilikuwa na miezi sita tu. Nilikuwa nataka uone nimekuwa mtu.

Sikulaumu kwa kunificha msiba. Nakulaumu kwa kusema aliyefanya kosa ameshajulikana. Nilisimama mbele ya hadubini siku nne nikiangalia kilichomuua ndugu yangu, nikasema kinafaa kuwekwa kitabuni.

Niambie ukweli mmoja tu. Umewaambia nini watu wanaochunguza kifo chake?

Mwanao

*

5 Septemba

Mama yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi.

Ulipomaliza darasa la saba nilikuambia hakuna atakayekuzuia kusoma. Nilikuambia hivyo kwa sababu mimi nilizuiwa. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya moto nikifanya jambo nisilojua sababu yake. Mtu akija na karatasi kutoka ofisini, nainama. Ndipo ikaja karatasi yenye mwandiko wako, na sababu zimeandikwa moja baada ya nyingine. Niliona aibu ya kuendelea kumtii fundi aliyeniambia "kwa sababu mimi ndiye fundi." Nilisikia raha, mwanangu, siku ile nilipowaambia vijana, leo tunasubiri, na hii ndiyo sababu. Sijawahi kusikia raha kama ile kazini.

Ungekuwa umesimama pale ungekiona chuma kilivyotoka kinameta. Mluzi alisema kinafaa kunyolea ndevu.

Sasa sikiliza. Wewe uliandika barua. Anayesoma barua ndiye anayeamua. Mikono iliyopunguza unga ni hii yangu. Sitaki lingine lisemwe.

Kamati ya uchunguzi nimeiambia kwamba ni mimi, siku moja, tarehe tisa Mei. Kwamba nilichoka, nikasahau kipimo cha unga, nikaacha ndoo isimame. Wameandika hivyo. Nimeondolewa kazini, na ni haki. Barua yako nimeichoma. Vijana wa zamu wanajua kunyamaza, na mama yako hajui maana ya aliyokuandikia. Usimwambie. Mtoto mmoja amemzika. Asije akakutazama wewe akaona kulabu.

Urudie mtihani mwakani. Hilo tu ndilo ninaloliomba, na sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako

*

14 Septemba

Baba,

Nimeisoma barua yako nimepiga magoti. Kisha nikahesabu.

Umeiambia kamati siku moja. Mama anasema tangu Aprili. Ni kila siku, hadi ulipoipata barua yangu ya Julai. Wataziondoa nondo za tarehe tisa Mei peke yake, na nyingine zote zitabaki zilikouzwa. Kuna watu wamesimama chini yake leo. Mmoja wao anampigia mtu mluzi.

Unataka kunificha nyuma yako, nami nakupenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini mahali ulipojiweka, nyuma yake sijifichi mimi peke yangu. Zimefichika na kulabu nyingine.

Nimeandika ripoti ya kurasa tisa. Nimeeleza chembe, vumbi laini, unga na robo saa. Nimeandika ushauri ulitoka kwa nani, tarehe ngapi, na ulifuatwa kwa muda gani. Nimetia jina langu. Nakala moja kwa kamati, moja kwa meneja, moja kwa mwalimu wangu, ambaye alisoma, akavua miwani, akaniuliza kama nina mtu wa kukaa naye.

Zimeshakwenda na posta ya asubuhi. Nakuandikia jambo likiwa limeshakwisha kwa sababu ungeniomba mara ya pili, na mara ya pili ningekubali.

Nisamehe. Mama atajua. Afadhali ajue kwangu.

Mwanao

*

1 Oktoba

Mwanangu,

Ripoti yako ilisomwa ofisini mbele ya watu, nami nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka maovaroli, nikasikia jina letu mlangoni nikaingia. Hakuna aliyethubutu kunitoa.

Sikuelewa kurasa zote. Nilielewa ule wa robo saa. Niliposikia hapo nikakumbuka nilivyokuandikia, nikidhani nakufariji.

Ujue yaliyofuata. Wametuma watu kila zilikopelekwa nondo za miezi ile. Kiwanda cha mbao walikuwa wamefua kulabu nne. Moja ilikuwa na ufa tayari, unaingiza ukucha. Wafanyakazi wa pale wameleta salamu kwako. Nimezipokea. Sikujua nifanye nini nazo.

Baba yako alipojua umetuma, alikwenda uani akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa hadi jua likamhama. Nilimfuata nikamwuliza, "Ulikuwa unamkinga yeye na mimi, au unanikinga mimi na yeye?" Akasema, "Wote wawili. Sikutaka mpotezane." Basi nikakaa chini pembeni yake. Ni mara ya kwanza tangu Juni tumekaa pamoja.

Nataka nikwambie ukweli, maana humu ndani ukweli umekuwa adimu. Sijakusamehe. Hata baba yako sijamsamehe. Najua hukukusudia, najua ulikuwa unataka kumfurahisha baba yako, najua yote hayo, nayaongea peke yangu nikiwa kwenye cherehani. Lakini moyo haujafika. Kuna saa nakuwaza ukiwa mdogo umembeba ndugu yako mgongoni, umemfunga kwa kanga yangu, na kuna saa nasikia ule mluzi mrefu ambao sikuwahi kuusikia kwa masikio yangu. Sijui ni saa gani itanikuta utakapofika.

Hata hivyo njoo. Usikae huko peke yako na jambo hili, litakumaliza. Chumba cha Mluzi nimekifungua madirisha. Godoro nimelianika.

Basi la Jumamosi linaingia saa tisa alasiri. Nitakuwa stendi, na baba yako nitakuja naye. Ukishuka ukaona nimesimama tu, sikusogelei wala sikukumbatii, usigeuke ukarudi ndani ya basi. Weka mzigo wako chini, unisubiri.

Mama yako